Daraja la Sitalike Halina Kiingilio

Mama tuliyeketi naye tangu Tabora aliniamsha kwa kunigonga bega. "Amka, mwalimu. Ugalla tumeshauvuka. Ukiendelea kulala hapa umetupa nauli."

Nikapangusa kioo kwa kiganja. Nje msitu ulikuwa mwekundu. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, majira ambayo miombo huchipua kabla mvua haijadondosha hata tone, na majani machanga hayo hayatoki na rangi ya kijani. Hutoka na rangi ya kutu, ya hina, ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu. Mimi nimekulia Tanga, ambako mti hungoja mvua ndipo uvae. Huku miti ilikuwa imeshajivika nguo ya sikukuu na mvua bado haijabisha hodi. Juu matawini, kila baada ya kitambo, niliona kitu kirefu cha mviringo kimening'inia. Nilidhani ni magogo yaliyokwama. "Mizinga hiyo," mama akasema. "Wakonongo hubandua gome zima la mti, wakalikunja likawa kama pipa, wakaziba ncha zote mbili, wakalipandisha juu. Nyuki wenyewe hujileta."

Nilikuwa na siku sita za kukaa Katavi, na ukiondoa nauli ya kwenda na kurudi, mfukoni nilikuwa na shilingi laki moja na themanini. Kila niliyemwambia safari hiyo aliniuliza jambo lile lile: nani anakulipia? Kwa wengi wetu Katavi ni ndege ndogo inayotua porini, ni mahema ya kifahari na bei inayotajwa kwa dola. Hayo yapo kweli. Lakini mkoa mzima hauwezi kuwa mali ya watu wanaoruka juu yake. Sensa ya 2022 iliwahesabu humo watu 1,152,958, zaidi kidogo ya mara mbili ya wale wa 2012, na wote hao wana mahali wanapokwenda Jumapili jioni, wana kitu cha kumwonyesha shangazi akija kuwatembelea. Hicho ndicho nilichokifuata.

Reli yenyewe ni ya kwanza katika vitu hivyo. Tawi hili linachepuka Kaliua na kukata msitu kilomita 210 mpaka Mpanda, lilikofika 1950. Halikujengwa kwa ajili yangu wala ya yule mama. Lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals karibu na Mpanda, pamoja na fedha na dhahabu kidogo iliyochanganyika humo. Mgodi ukafungwa 1960, miaka kumi tu baada ya treni kufika. Kwa hesabu za wale walioujenga, reli ile ilikuwa imekwisha kazi yake. Kwa hesabu za watu wa huku, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Hata sasa, ingawa barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ilifunguliwa 2022, behewa letu lilikuwa limejaa: madumu ya asali, kuku ndani ya matenga, magunia ya karanga, mtoto mmoja aliyelala juu ya begi la shule.

Kabla ya Mpanda tulipita Katumba. Treni iliposimama, wanawake walikuja dirishani na beseni za ndizi na mihogo ya kuchemsha, wakiuza kwa Kiswahili na kuulizana chenji kwa Kirundi. Yule mama akaanza kukusanya vifurushi vyake. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, wakaletwa hapa wakakabidhiwa msitu na majembe. Makazi yao yalikuwa matatu, Katumba na Mishamo huku, Ulyankulu kule Tabora, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo ndio waliokubaliwa kuwa raia wa Tanzania; vyeti vilianza kugawiwa 2014. "Mimi nimezaliwa hapa," alisema akijifunga khanga kiunoni. "Nimeitwa mkimbizi miaka arobaini, na sijapata kukimbia kokote." Akanipa ndizi mbili, akakataa katakata hela yangu, akashuka. Nilimtazama akiingia kwenye kijia kati ya migomba mpaka khanga yake ikapotea. Migomba ile, iliyopandwa na watu walioambiwa wanakaa kwa muda, ilikuwa mirefu kuliko paa za nyumba.

Mpanda ni mji wa kutembea kwa miguu, mwinuko wake unakupa hewa nyepesi hata jua likiwaka. Nilipata gesti safi mtaa wa Kashaulili kwa elfu kumi na tano, nikaoga, nikaenda sokoni. Mtu akitaka kuujua mkoa huu bila kulipa mwongozaji, aanzie hapo, kwa sababu pembe zake zote huleta vitu vyake meza moja. Kutoka Ziwa Tanganyika kuna dagaa na migebuka, samaki wembamba warefu waliokaushwa mpaka wakawa na ngozi ya dhahabu. Kutoka Kakese na Mwamkulu kuna mchele. Kutoka Inyonga, wilaya ya Mlele, kuna asali.

Kwa mwuza asali nilikaa karibu saa nzima. Alikuwa mzee wa Kikonongo mwenye vidole vilivyokolea nta. Nilimwamkia, nikamwambia ukweli kwamba nina hela ya chupa moja tu. Akasema chupa moja huchaguliwa kwa kuonja zote. Akanidondoshea kiganjani asali ya kwanza, karibu nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi. Ya pili rangi ya chai, ilikuwa na uchungu kidogo unaobaki nyuma ya ulimi. Kisha akatoa chini ya meza kichupa kidogo kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi. Hiyo ilikuwa asali ya nyuki wadogo wasiouma, wale wanaoishi kwenye matundu ya miti na ardhini. Ilikuwa nyepesi kama maji, na ilikuwa chachu, chachu kama ukwaju uliolowekwa, utamu ukija mwishoni kabisa baada ya kuwa umeshameza. "Hii hainywewi na chai," akasema. "Hii huwekewa mgonjwa, au mtoto mchanga anayeonjeshwa dunia." Sijui hospitali wangesemaje kuhusu mtoto mchanga, na mimi mtoto wangu nisingempa, lakini ladha ile ningeitambua hata leo gizani. Nilinunua ya rangi ya chai. Elfu nane.

Jioni nilikula wali na mgebuka wa nazi kwa mama lishe, na kesho yake asubuhi na mapema nikatembea hadi Bwawa la Milala nje kidogo ya mji, ambako yangeyange walikuwa wamejipanga ukingoni na vijana wakiosha pikipiki. Nikakaa kidogo, nikarudi stendi. Nilikuwa na haraka ya Sitalike.

Sitalike ni kijiji kilicho kilomita takriban 40 kusini mwa Mpanda, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi ilitangazwa 1974, na leo ina kilomita za mraba 4,471. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho si kikubwa; kinachomshinda mtu wa kipato changu ni gari, maana ndani huwezi kujiendea tu kwa miguu wala kwa bodaboda. Kama kuna wenzako watano wa kuchangia gari, ingieni, msisite. Mimi nilikuwa peke yangu. Kondakta wa Hiace aliniambia, "Shuka darajani, kaka. Pale utaona kila kitu." Nilidhani ananiliwaza.

Niliwasikia kabla sijawaona. Sauti ya kiboko haifanani na ukubwa wake: huanza kama mtu mnene anayecheka kwa pua, ikafuatwa na wa pili, wa tatu, mpaka kicheko kinapita mto mzima kikapotelea kwenye kona. Halafu harufu, nzito, ya samadi na tope lililooza. Kisha nikashika ukingo wa daraja, nikainama kutazama Mto Katuma.

Hapakuwa na maji ya kuonekana. Palikuwa na migongo. Migongo iliyosukumana, iliyolaliana, kichwa cha huyu juu ya kiuno cha yule, na tope la kijivu limekaukia juu yake likapasuka vipande vipande kama sakafu ya jaruba. Nilianza kuhesabu. Nilipofika arobaini na kitu, kundi likajigeuza upande mmoja kama mtu anayegeuka kitandani, hesabu ikavurugika, nikaacha. Moja kwa moja chini yangu, umbali usiozidi urefu wa mnazi mchanga, alikuwepo dume aliyekuwa na jeraha bichi begani, refu kama mkono wangu. Ngozi yake mahali ilipokuwa kavu ilitoka ute mwekundu unaong'aa. Watu huuita jasho la damu, ingawa si jasho wala si damu, ni ute wa tezi za ngozi yake mwenyewe wa kumkinga na jua. Ndege mdogo alikuwa akidonoa pembeni mwa jeraha. Dume likapepesa sikio, ndege akaruka, akatua tena palepale. Nilitazama jambo hilo likirudiwa labda mara ishirini. Jicho la mnyama yule, lililokaa juu kabisa ya kichwa, lilikuwa na kope, na kope zilikuwa na tope.

Nyuma yangu maisha ya kijiji yalikuwa yakiendelea. Wasichana walipita na ndoo. Baiskeli ya mkaa. Malori. Hakuna aliyegeuza shingo, isipokuwa mtoto mmoja aliyekuja kusimama karibu yangu, akaniangalia mimi badala ya viboko.

Mzee mmoja aliyekuwa akiziba tairi ya baiskeli upande wa pili wa barabara alinikaribisha kivulini. Shikamoo, marahaba, umetoka wapi. Alipokwisha kunisikiliza jinsi nilivyofurahi kuona viboko wengi namna ile pahali pamoja, alinyamaza kidogo, akalowesha mpira ndani ya beseni kutafuta tundu. "Wewe umefurahi kuwaona wengi," akasema. "Sisi tunajua wakijaa hivi ni kwamba hawana pengine pa kwenda." Akanieleza kwamba alipokuwa kijana, mwezi kama huu, maji ya Katuma yalipita chini ya daraja yakisikika. Juu ya mto, kabla haujafika hifadhini, watu wameongezeka, majaruba ya mpunga yameongezeka, na kila mwenye jaruba anachepusha mfereji wake. Wengine walifikia kuziba mto kwa viroba vya mchanga. Kiangazi kikikaza, kinachofika huku ni tope. Mto huu ndio unaolisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada huko ndani, mbuga za majani ambamo nyati na pundamilia hukusanyika kwa maelfu. Na mamba, maji yakikauka, hujibana mapangoni kwenye kingo za mito wakisubiri masika.

Nilikumbuka sahani yangu ya jana usiku. Mchele ule mtamu wa Katavi, niliousifu kwa mama lishe mpaka akaniongeza kijiko, huenda ulioteshwa na maji haya haya. Simlaumu mkulima. Ana watoto, na mpunga unalipa ada. Lakini tangu saa ile siwezi kusema kwamba nilichokiona darajani nilikipata bure. Daraja halina kiingilio, na kinachoonekana pale kina bei ambayo analipa dume lile lenye jeraha. Nilikaa na yule fundi mpaka jua lilipoanza kushuka. Viboko wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakipanda ukingo kwenda kula majani, na kila aliyetoka aliacha shimo lenye umbo lake, ambalo tope lililijaza taratibu.

Kesho yake nikapanda basi linaloendelea kusini, maana barabara kuu ya Sumbawanga inapita katikati ya hifadhi, na abiria wa basi huona wanachoona. Chagua siti ya dirishani na uvae nguo nyepesi isiyokuwa nyeusi wala bluu; mbung'o wa Katavi hupenda rangi hizo, na kung'atwa kwao ni kama kuchomwa sindano na muuguzi mwenye hasira. Abiria walifunga madirisha bila kuambiwa tulipoingia msituni. Twiga wawili walisimama wakatuacha tupite. Kisha, mbali, ukungu wa vumbi na ndani yake tembo, sita au saba, na ndama akikimbia kufidia hatua.

Bibi mmoja wa Kibende aliyekaa mbele yangu hakugeuka kuwatazama. Alipotambua kwamba mimi ni mgeni alinieleza habari za Katabi, mwenye jina hili la Katavi. Kwa Wabende ni roho, na maskani yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, humo humo hifadhini. Wanaotaka baraka zake humwekea sadaka shinani. Nikauliza kama yeye amewahi kufika. "Marehemu baba alifika," akajibu. "Huko hakuendwi kwa kuangalia. Huendwa ukiwa na shida." Nami sikuwa na shida, kwa hiyo sikuona uchungu kwamba basi halikukata kona. Tulitokea Kibaoni, nyumbani kwa Mizengo Pinda aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, nikafika mpaka Majimoto kwenye chemchemi zilizoupa mji jina lake, na kabla ya giza nilikuwa nimesharudi Mpanda.

Siku mbili za mwisho nilizitunzia Karema. Gari lilishindilia watu, vumbi likaingia hata kwenye kurasa za daftari langu, na baada ya Ikola ziwa likatokea ghafla upande wa kulia, la bluu iliyoiva, na ng'ambo yake milima ya Kongo kama mstari wa penseli.

Karema leo ina bandari mpya ya kupeleka mizigo Kalemie na Moba, na watu wanazungumza habari zake siku nzima. Mimi nilivutwa na ya zamani. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na Mfalme Leopold walijenga hapa ngome, ya kwanza ya zile zilizotangulia kuinyakua Kongo. Waliiweka karibu na maji, lakini wakati ule ule ziwa lilikuwa likipungua baada ya Mto Lukuga kuzibua njia yake ya kutokea upande wa pili, na ufuko ukawakimbia. Mwaka huo huo mfalme alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili wajaribiwe kubeba mizigo bara. Ni mmoja tu aliyefika Karema. Nilisimama mahali pale nikiwafikiria wale tembo niliowaona dirishani siku moja kabla, na yule mmoja aliyetembezwa kutoka pwani hadi nchi ya tembo wenzake, mgongoni ana mizigo ya watu.

Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, ikawa misheni, na ndiyo misheni hadi leo. Mlinzi alinifungulia bila kuuliza kitu. Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, katika nchi tunayoiita Mali leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre hao huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea udaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, na hakuondoka tena. Alioa binti wa Kibende, mwanawe akawa padre. Alitibu watu wa ufuko huu, kwa dawa za kisasa na kwa mizizi aliyojifunza kwa waganga wa hapa, karibu miaka sabini, mpaka alipofariki 1956. Kaburi lake liko hapa. Nilikuwa nimesoma habari zake zamani na nilidhani nimezielewa. Sikuwa nimezielewa mpaka niliposikia upepo wa ziwa ukipita kwenye nyasi zile na kupiga hesabu ya umbali: mtoto aliyeporwa upande wa magharibi kabisa wa bara, akaja kuzeeka upande huu, akiitwa babu na watu ambao lugha yao aliianza akiwa mtu mzima.

"Wazee wetu aliwazalisha yeye," mlinzi alisema, akifagia majani makavu kwa mguu. "Hata bibi yangu."

Jioni niliogelea pamoja na watoto, maji yakiwa safi hata niliona kucha za miguu yangu. Usiku haukuwa na mwezi, ambao ndio usiku wa kazi. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa pamoja na baba mwenye gesti, tukiangalia taa za wavuvi wa dagaa zikitoka moja moja, kumi, hamsini, mpaka ikawa kama mji umewashwa juu ya maji. Nilimuuliza zipi ni za kwetu na zipi za Kongo. Alizitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu kwenye picha.

"Zile tatu za mwisho kushoto huenda ni za Moba," akasema. "Shemeji yangu anavua kule. Asubuhi akipata nyingi, huja huku kuuza." Akanyanyuka, akapangusa mchanga. "Twende ndani, ugali unapoa."

Nikamwomba dakika tano zaidi.